Kosa la Kipimo Halikuwa Lake

Habari ya msiba ilinikuta Jumanne kwa kinyozi, hapa Manundu mjini Korogwe, kichwa changu kikiwa kimenyolewa upande mmoja. Aliyepiga simu ni baba yangu mdogo anayeishi Kwamsisi, na kama kawaida yake hakuzunguka. "Mwalimu, mzee wetu wa makaburi ametutoka. Katoka shamba, kaomba maji, kaketi barazani, basi. Tunazika alasiri." Nilimwomba kinyozi amalizie haraka, nikaenda nyumbani kubadili nguo. Binti yangu, ambaye yuko kidato cha pili na wakati huu ni likizo, aliniona nikihangaika kutafuta kanzu, akauliza nani amefariki. Nikamwambia ni mzee mmoja wa kijijini kwetu aliyekuwa akichimba makaburi. Akasema tutakwenda wote, nikakubali bila kufikiri. Kama ningefikiri, pengine ningemwambia abaki amsaidie mama yake dukani.

Safu hii haina mazoea ya kutaja watu kwa majina, na marehemu huyu angekuwa wa kwanza kukataa kutajwa. Alikuwa mkulima wa mahindi na mihogo kama wazee wengi wa Handeni, mtu mfupi, mkavu, mwenye maneno machache na baiskeli ambayo sijui iliwahi kuwa mpya lini. Kwetu kuchimba kaburi ni kazi ya wanaume wote wa kijiji, lakini siku zote lazima awepo anayejua, na anayejua alikuwa yeye. Alileta kijiti kilichokatwa sawasawa na urefu wa marehemu, akapima, akachora mstari chini, ndipo majembe yakaanza. Vijana wakishamaliza, yeye alishuka pekupeku, akalala chali mle ndani akitazama mbingu, akijigeuza kidogo huku na huku. Nilimuuliza siku tuliyomzika baba yangu kwa nini anafanya vile. Alisema anatafuta kisiki. "Baba yako atalala hapa siku nyingi, mwalimu. Sitaki kitu kimchome mgongo." Na kulikuwa na mwaka mmoja wa mvua nzuri ambapo kiongozi mmoja wa kijiji, mtu wa mipango, alishauri yachimbwe makaburi mawili matatu ya akiba udongo ungali laini, ili kiangazi watu wasipate taabu. Mzee akamuuliza, "Akiba ya nani? Nitajie majina, nianze na lako." Shauri likafa pale pale.

Tulimzika salama. Baada ya dua, watu wakiwa wamekaa kwenye mikeka, ikafika zamu ya kumkumbuka marehemu. Mwenyekiti wa kitongoji akasema kwamba katika miaka yote ile mzee alikosea kipimo mara moja tu. Alichimba kaburi la kichanga, akalitanua kama la mtu na mkewe, halafu akashinda mchana kutwa akilipunguza kwa udongo wa kumwagia maji huku waombolezaji wakiungua na jua. Watu wakacheka kile kicheko cha chini cha msibani. Mwingine akaongeza kwamba tangu siku ile walimtania kwamba macho yake yanaona watu wawili wawili, naye hakuwahi kujitetea. Nami nilicheka. Naandika haya kwa sababu nilicheka.

Kichanga kile kilikuwa mwanangu. Miaka kumi na minne iliyopita mke wangu alikuwa na mimba ya mapacha, miezi saba haijatimia, tukiwa tunaishi hapa hapa Manundu. Asubuhi moja alilalamika kichwa kinamuuma na macho hayaoni vizuri, na kabla sijapata usafiri akaanza kutetemeka mwili mzima. Hospitalini wakasema ni kifafa cha mimba na kwamba watoto lazima watolewe, la sivyo wote watatu wataondoka. Adhuhuri ile wakawatoa kwa upasuaji. Kurwa alikuwa wa kiume, doto wa kike. Mke wangu akapelekwa wodi moja akiwa hajitambui, mama mkwe akiwa pembeni yake, na wale wawili wakapelekwa kwenye chumba cha watoto njiti, chumba kidogo chenye joto la kukutoa jasho. Niliwatazama mara moja tu. Ngozi yao ilikuwa nyekundu na nyembamba hata mishipa ilionekana, na mguu wa doto haukuzidi kidole changu cha shahada. Nikatoka nje nikakaa kwenye benchi, na sikutaka kurudi tena ndani.

Nesi wa chumba kile alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Korogwe, mjukuu wa watu waliokuja zamani kukata mkonge. Alinifuata kwenye benchi. Akanieleza kwamba mashine ya joto inayofanya kazi ni moja, kurwa yumo tayari, na watoto ni wengi, kwa hiyo doto angehitaji kubebwa kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, mpaka apate nguvu. Mama yake hawezi. Mama mkwe ana kikohozi, hawezi kuruhusiwa. "Umebaki wewe, baba. Vua shati, uje ukae." Nilimtazama nikidhani anatania. Kwetu mwanamume hushika mtoto akishakaza shingo, na mimi sikuwa na habari ya baba aliyekaa kifua wazi katikati ya wazazi wa kike. Lakini sitaki kusingizia mila. Nilimwambia hivi, nayakumbuka maneno yangu vizuri: "Nesi, hawa tumwachie Mungu. Akipenda watabaki, asipopenda tutasema nini?" Nilisema kwa sauti ya utulivu, ya mtu mwenye imani. Yule mama akanijibu, "Mungu tumeshamwachia tangu saa sita, baba. Sasa nahitaji kifua." Sikuinuka. Akasimama kidogo, kisha akarudi kwa watoto wake.

Kurwa alifariki alfajiri. Walinipa nimwone, akaoshwa, akavikwa sanda ndogo ambayo mama mkwe aliikata kwenye shuka jipya huku akilia, na nikampa jina, kwa sababu alikuwa amepumua na aliyepumua hastahili kuzikwa bila jina. Doto alikuwa hai na sikumpa jina. Wazee wetu wanasema mapacha huitana, mmoja akitangulia mwenzake hakai nyuma, na mimi niliyesomea ualimu nilishika imani hiyo kwa mikono miwili siku ile kwa kuwa ilinifaa. Nikapiga simu Kwamsisi, kwa mzee. Akanipa pole, akauliza kipimo. Nikamwambia, "Ni mapacha, mzee. Shubiri moja na nusu. Weka ya wawili." Akasema, "Mungu akupe subira, mwanangu," akakata simu akachukue jembe.

Someni tena hapo, wasomaji wangu, muone nilichofanya. Sikusema wote wamekufa. Sikusema mmoja yu hai. Nilimwacha aelewe anavyoelewa, na nilijua ataelewa nini. Nilihesabu kwamba mpaka tufike kijijini doto naye atakuwa ameshakata roho, ataletwa jioni na baba mdogo, aliyekuwa amekuja hospitalini kunisaidia, na tutakuwa tumemaliza kwa siku moja na kaburi moja. Moyoni nilijiambia kwamba huko ndiko kukubali mapenzi ya Mungu. Niliona hata fahari kidogo, kwamba sikupiga kelele wala kukufuru kama wengine.

Tulifika baada ya adhuhuri, kifurushi kikiwa mapajani mwangu. Mzee alikuwa amesimama kando ya shimo, udongo umemkauka mpaka magotini. Akanitazama mikononi, kisha akatazama mikono ya waliofuatana nami, kisha ndani ya gari. Akanivuta pembeni. "Mwingine yuko wapi?" "Yuko hospitali, mzee." "Anafanya nini hospitali?" Na mimi, mbele ya mtu aliyelala kwenye kaburi la baba yangu kutafuta kisiki, nikajibu, "Bado hajafa." Nilisikia maneno yale yakitoka kinywani mwangu kama yanasemwa na mtu mwingine. Mzee hakunikemea. Aliniangalia kwa muda, usoni hana hasira ila mshangao, kama mtu aliyeulizwa njia ya nyumbani kwake mwenyewe. Kisha akageukia watu akasema kwa sauti wote wasikie, "Jamani, nimekosea kipimo. Nileteeni maji ndoo mbili."

Akavua viatu, akashuka. Ile sehemu ya ndani anamolazwa maiti, tunayoiita mwanandani, alikuwa ameichimba kwa upana wa wawili, na sasa akaanza kuirudisha ya mmoja. Udongo wa pale ukikauka haushikani. Aliulowesha, akaukanda, akaubandika ukutani konzi kwa konzi, akaupiga kwa kiganja mpaka ukakaza. Shehe akamwambia, "Mzee, tuzike tu, udongo utajaza wenyewe." Akachota konzi nyingine. Vijana wakaanza kunong'ona, mmoja akasema mzee kazeeka sasa. Mimi nilisimama ukingoni na mwanangu mikononi, jua la utosi, na katika saa nzima ile ningeweza kufungua mdomo na kusema kosa ni langu. Sikusema. Nilipoinama kumshusha kurwa, mzee akampokea kwa mikono yote miwili, akanisogezea uso, akasema kwa chini, "Yule wa Korogwe sitamwachia nafasi hapa. Akitaka yake, aje mwenyewe kwa siku yake."

Kwa desturi mfiwa hukaa. Watu huja siku tatu, hukushika mkono, hukupa pole, hula pamoja nawe. Nami nilikuwa nimeshakaa kwenye mkeka, nimeegemea ukuta, nikiwa tayari kufarijiwa. Mzee alinawa mikono, akaja akasimama mbele yangu. "Mwalimu, panda gari." Nikamwuliza niende wapi na msiba ni wangu. Akasema, "Una mgonjwa Korogwe. Anayeliliwa tumeshamzika. Msiba nitakaa mimi." Shangazi zangu wakashtuka, haijapata kuonekana baba anaondoka matanga ya mwanawe kabla chai haijachemka. Lakini yeye alishakunja miguu, akaketi mahali pangu pale pale ukutani. Nilisimuliwa baadaye kwamba alikaa siku zote tatu, kila aliyeingia akampa mkono wa pole yeye, naye akaitikia kama baba wa marehemu.

Tuliingia Korogwe taa zinaanza kuwashwa. Njia nzima, kuanzia Mkata hadi Segera, nilikuwa nikiogopa mambo mawili, kumkuta amekufa na kumkuta hajafa. Nilimkuta hajafa. Nesi hakuniuliza kitu. Alinipa kiti cha plastiki, nikavua shati mbele ya akina mama sita, mmoja wao msichana wa Makuyuni ambaye hakuweza kujizuia kucheka, na nesi akanibandika mtoto kifuani na kunifunga kanga ya mke wangu kuanzia kwapani. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba nilihitaji kutazama ili nijue yupo. Lakini alikuwa akipumua, haraka, kwa vituo, na kila aliposita nami nilisita. Baada ya muda nesi akaniambia, "Pumua, baba, anakufuata wewe." Nililia pale, wasomaji, nikalia mpaka yule msichana wa Makuyuni akaacha kucheka akaja kunipangusa pua, maana mikono yangu yote ilikuwa na kazi.

Nilikaa kwenye kiti kile wiki tatu, nikipokezana na mke wangu alipopata nguvu. Nilijifunza mengi mle ndani kuliko nilivyojifunza chuoni. Niliona kwamba mtoto njiti anapozaliwa hakuna anayesema hongera. Watu huja na pole, sauti za chini, na kabla hawajaketi wameshasema mapenzi ya Mungu. Waislamu walisema, Wakristo walisema, kwa maneno tofauti kidogo na uso ule ule. Mama mmoja alifuatwa na ndugu wa mume wakamshauri arudi nyumbani, kwamba mtoto wa namna ile huchosha watu bure na Mungu atampa mwingine. Alibaki kwa ubishi tu. Na niliona ajabu nyingine. Watoto walipoanza kunenepa, wakatoka mmoja mmoja, wale wale waliosema mapenzi ya Mungu walisema ni bahati, ni madaktari, ni sindano. Jina la Mungu walikuwa wamelitumia kwa kifo peke yake. Siku hizi huduma zimeongezeka, akina baba wanaokaa na watoto vifuani wapo na hakuna anayewacheka sana, lakini ile sauti ya chini bado naisikia kila nikienda kuona mzazi.

Sisemi kwamba hakuna mapenzi ya Mungu. Naamini yapo, na kwamba kurwa alikwenda kwa hayo, na sina kesi na Muumba wangu. Ninalosema ni kwamba mimi siku ile sikuwa nimeyakubali mapenzi ya Mungu, kwa sababu sikuwa nimeyajua bado. Nilikuwa na woga. Niliogopa kumpenda mtu ambaye angeniacha kesho yake. Nikaona afadhali nimzike kwanza moyoni, halafu nikaubandika woga ule jina la Mungu ili usionekane. Na mtu akishabandika jina hilo, nani atamhoji? Nesi alijaribu. Mzee ndiye aliyeweza, na hakutumia hoja yoyote ya dini.

Miaka kadhaa baadaye nilimkuta shambani kwake akipalilia mihogo. Shikamoo, marahaba, tukaketi. Nikamwuliza kama siku ile alijua doto atapona. Alicheka. "Ningejua vipi? Mimi mganga?" Nikasema, je, kama angekufa kesho yake? Akanitazama tena kwa ule mshangao wake. "Ningechimba lingine, mwalimu. Kwani nilikuwa nimechoka? Wewe ulitaka kunipunguzia kazi, sikukuomba." Nikamwomba radhi kwa lile jina la mkosa kipimo, nikasema nitawaambia watu ukweli. Akakataa, akasema mtoto anakua, maneno ya kijijini yana miguu, yatamfikia. Nikafurahi alivyokataa, niseme kweli. Nilimshukuru, nikapewa mihogo, nikarudi Manundu na siri yangu ikiwa salama juu ya mgongo wa mtu mwingine.

Sasa hayupo wa kunibebea. Jumanne ile, watu walipokwisha kucheka, binti yangu aliyekuwa upande wa akina mama alinifuata nyuma ya nyumba. Ni mrefu siku hizi, ananipita begani, na ana akili ya kuunganisha mambo. Akasema, "Baba, kaburi walilolicheka ni la kurwa wangu." Nikasema ndiyo. "Na mzee hakukosea." Nikasema hakukosea. Akawa anachora chini kwa ncha ya kiatu. Kisha akauliza, "Na mimi uliniagizia?" Nikatikisa kichwa kukubali. Hakulia, wala hakunikumbatia kama watoto wa kwenye sinema. Aliuliza, "Mama anajua?" Nikasema hajui. Akasema, "Mwambie leo. Halafu uwaambie na hawa waliocheka."

Mama yake nilimwambia jioni ile ile. Alisikiliza mpaka mwisho, akainuka akaenda kufunga duka, na mpaka naandika haya hajanijibu. Sidai jibu. Na hawa wengine nawaambia leo, kuanzia kwa mwenyekiti wa kitongoji: mzee hakukosea kipimo hata mara moja katika maisha yake, kipimo kile kilikuwa changu. Kama nina haki ya kumpa mtu ushauri baada ya hapo, ni huu mmoja. Ukienda kumwona mzazi aliyejifungua njiti, na ulimi ukawasha kusema mapenzi ya Mungu, uliza kwanza nani anambeba mtoto. Kama hakuna, vua shati, ukae.